Swali la Mzee Nyongeza

Bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake alikaa ndani ya basi nyuma ya mkunga na fundi saa, watu wasiojuana, akatega sikio kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

"Leo mbunge wetu anauliza tena habari ya wodi yetu," mkunga alisema. "Waziri alishajibu kwamba taa zipo. Mimi nazalisha huku tochi nimeing'ata kwa meno."

"Yule Mzee Nyongeza? Mimi huitwa kutengeneza saa ya bungeni, namsikia. Miaka ishirini ana swali la nyongeza, na mawaziri wanamjibu vilevile."

"Leo ameniomba nikae bungeni, jukwaa la wageni. Waziri akirudia kwamba taa zipo, atanitaja, nami nisimame kama shahidi wake."

"Wewe mwajiriwa wa serikali, dada. Ukisimama, Jumatatu unapewa barua ya uhamisho."

"Na nisiposimama, kaka?"

Bibi, ambaye hakuulizwa, alijikuta akitafuta jibu.

Basi likasimama mbele ya bunge. Fundi akakunja miguu kumpisha mkunga. "Mimi bado nakataa," alisema. "Lakini kaa mstari wa mbele. Wa nyuma hawaonekani."