Daraja Lililoondolewa

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, masikio ameyatega kama vile maneno yao yanamhusu.

"Gemu lenyewe wameliharibu, dada," kinyozi mwenye simu alimlalamikia mwanamke aliyejifunga skafu shingoni. "Toleo la pili wameondoa daraja! Bila daraja, hilo gemu gani?"

"Wachezaji wageni walikuwa wanauawa pale kabla hawajajua hata kitufe cha kukimbia," mwanamke akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa angalau na wao wanacheza."

Fundi akatabasamu. Hakujua daraja wala kitufe, ila wateja wanaoleta kitambaa kipya na kudai gauni lilelile la zamani, hao aliwajua.

"Halafu jana kwenye fainali," kinyozi akaendelea, "mtangazaji akapitiwa, akatangaza kwamba wachezaji wako darajani. Daraja halipo!"

Mwanamke akaivuta skafu yake. "Leo ameitwa ofisini. Wakimfukuza je?"

"Wamfukuze? Pale tu ndipo nilipojisikia niko nyumbani! Hebu msikilize."

Treni ikasimama. "Nipishe, kaka, nashuka," mwanamke akasema. Simu nayo ikapaza sauti, kwa mkwaruzo uleule: "Wako darajani!"