Mpira wa Polepole wa Murshid

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bi Ndinda. Kocha Liang, uliyeacha mazoezi ili uwe nasi. Bimkubwa, mama wa kijana wetu. Wafanyabiashara wenzangu wa masoko ya Zhongda, Shahe na Yide Lu hapa Guangzhou. Na wewe, Murshid:

Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani kwamba mchezaji hupelekwa ligi ya chini akaonyeshe anachokiweza. Hupelekwa huko akafundishwe asichokiweza, ndiyo maana miaka ile huwa mirefu na haipendezi kutazamwa.

Naomba nieleze, maana nusu yetu bado tunauita mchezo huu "mpira wa rungu". Katika besiboli, mrushaji humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Murshid, aliyeletwa Guangzhou na mama yake akiwa na miaka minane, alifikisha miaka kumi na tisa akirusha kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata. Kocha Liang alipomchukua katika timu yake ya ligi ya chini, alimkataza kasi hiyo msimu mzima, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa bado hakijakomaa. Akamfundisha mpira wa polepole: mkono unazunguka kwa nguvu ileile, lakini mpira unachelewa, na mpigaji anapiga hewa. Hayo yote kocha alinieleza dukani kwangu, mara mbili, tumekalia marobota ya vitenge. Nami niliyefundisha shule miaka thelathini nikaitikia kwa kichwa, nisishike neno.

Mwezi wa tano, nani alikodi basi la kwenda uwanjani? Mimi. Nani walikuja na ngoma? Ninyi. Tukajaza jukwaa ambalo kwa kawaida hukaliwa na wazazi sita na muuza maji. Murshid akarusha polepole, kama alivyoagizwa, na wapigaji wakapiga hewa. Alikuwa anashinda, nasi tukaona aibu.

"Laoban!" akampazia Murshid sauti Bwana Dullah, na sauti yake mnaijua, huuza kontena zima la jinzi bila kuhitaji simu. "Bosi wetu, huo mpira feki! Tutolee orijino!"

"Rusha kiume, mwanangu, tusije tukawa tumekuja bure!" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

Akatutazama. Kisha akarusha kwa kasi yake yote, nasi tukasimama, ngoma zikalia, simu zikainuliwa. Kocha akainuka akipunga mikono; tukadhani naye anashangilia. Murshid alirusha mipira ishirini na mitatu ya namna hiyo kabla hajapiga goti, ameshika kiwiko.

Kano limechanika. Daktari hasemi kwamba atarusha tena, wala hasemi kwamba hatarusha. Wiki iliyopita timu ilivunja mkataba wake, na kesho anarudi Dar es Salaam na mama yake.

Kule hospitali nilimuuliza, "Kwa nini hukuacha ulipoanza kuumia?"

Akanijibu, "Maalim, mkono uliniuma tangu mpira wa nne. Lakini mlikuwa mmekuja wote."

Naombeni tusilipambe jibu hilo. Nimewasikia pale mlangoni mkimwambia atapona haraka, atacheza Marekani. Mnajuaje? Mbona tunampa tena kazi ya kutufurahisha? Bimkubwa, siku ile uwanjani ulinyamaza kwa kutuheshimu sisi wakubwa, na heshima ile hatukuistahili. Kocha Liang, nakuomba radhi mbele ya watu hawa, kwa sababu ulinieleza vizuri.

Nashukuru mmenivumilia hadi hapa. Leo, kabla hatujagusa chakula, kila mmoja wetu amwendee Murshid, amuulize mkono unaumaje, kisha akae kimya mpaka amalize kujibu.