Fundi Nesanesa na Baiskeli Zake Zisizofanana

Mzee wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili wa seremala na mfua nguo. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka kwamba alichelewa kusema lakini hakuchelewa kushika. Kitu chochote alichopewa alikipinda kwanza: kijiko, fito, ukanda wa baba. Seremala mwenyewe alikuwa akisema, "Huyu haamini kitu mpaka akikunje."

Alianza shule mwaka 1959 akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Huko mwalimu wa hesabu alimkuta anakunja rula kwenye ukingo wa dawati mpaka ikalia kwaa, vipande viwili.

"Wewe! Rula ni ya kupimia!"

"Nilikuwa napima, Mwalimu. Nilitaka kujua mwisho wake."

Darasa zima liliangua kicheko. Yeye aligeuka kutazama nyuma, akidhani kuna kichekesho amekikosa. Kutojua watu wanacheka nini kulimfuata hadi uzeeni.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha vitanda vya chuma, kazi ya kuchomelea mabomba. Kwa mabomba yaliyokataliwa pale aliunda baiskeli yake ya kwanza, mwaka 1974. Haikuwa na bomba la juu. Ilikuwa na bomba moja refu lililotoka kwenye usukani, likashuka kama mgongo wa paka anayejinyoosha, likaishia kwenye gurudumu la nyuma. Aliipanda kwenda kazini, na kila alipokanyaga pedeli fremu ilishuka na kupanda naye. Mlinzi wa getini aliacha geti wazi kwa mshangao. "Jamani, hicho chombo kinatembea au kinacheza? Mbona kinanesanesa?" Jina la Nesanesa likamganda, na baada ya miaka michache hata mama yake mzazi alilitumia.

Mwaka 1977 aliacha kiwanda akafungua karakana uani kwake. Aliyesimama hapo kuomba upepo wa gurudumu alipata na somo juu yake. "Barabara ina mashimo, sivyo? Kishindo lazima kiende mahali. Fremu ikikataa kupinda, kitakwenda wapi? Kwenye kiuno chako!" Watu walitikisa vichwa kukubali, wakamshukuru, wakaenda dukani kununua baiskeli za kawaida. Naye aliendelea. Alitengeneza ya mianzi iliyofungwa kwa vipande vya mpira. Alitengeneza ya kupanda chali, kama mtu aliyelala. Moja ilimkatikia katikati mbele ya soko zima. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaokota nusu zote mbili, akasema kwa utulivu, "Hapo nilizidisha." Chakula chake kilitokana na kuziba pancha za baiskeli za wenzake, zile ngumu alizokuwa akizikosoa.

Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa mtaa wa pili, alikuwa ameteguka nyonga kwa kuanguka ngazini. Hakuweza kukaa nyuma ya baiskeli yoyote bila kutoa machozi, na miguu yake haikumfikisha mbali. Miezi ilipita hajavuka barabara kuu. Nesanesa, aliyekwenda kushonesha suruali, alisikia habari hiyo akasahau suruali. Baada ya wiki kadhaa alisimama mlangoni kwa fundi huyo na baiskeli ya mianzi.

"Panda, dada."

"Nianguke?"

"Ukianguka, tumeanguka wote."

Alimzungusha mji mzima. Waliporudi, yule dada alishuka taratibu, akashika kiti, akasema, "Hii ni nzuri upande wa kushoto tu. Kulia bado ngumu." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, na mwaka 1986 wakajaliwa binti, mtoto wao wa pekee.

Miaka ile ndiyo iliyokuwa minene katika maisha yake. Kila fremu mpya mkewe aliipanda wa kwanza, akatoa hukumu akiwa bado juu yake: hii inaruka, hii inazubaa, hii itatuua. Wakabishana hadi chakula kikapoa.

Mkewe alifariki Septemba 2003. Binti alikuwa ameanza masomo ya uuguzi, na baadaye akaolewa mji wa mbali. Marehemu aliendelea kuunda baiskeli. Alijaza gunia mchanga wa uzito wa mkewe, akalifunga kwenye kiti cha nyuma, akazunguka nalo mitaani. Jirani alipomuuliza linasaidia nini, alijibu, "Uzito ni uleule. Lakini gunia halisemi." Majirani walijaribu kupanda mara moja moja, wakacheka, wakasema "safi sana, mzee," wakaenda zao. Jumapili binti alipiga simu, akauliza amekula nini. Yeye alijibu habari za mabomba. "Baba, tuongee mengine basi." Basi kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka mmoja akaaga.

Mwaka 2022 mikono ilianza kukakamaa. Daktari alisema ni maradhi ya neva, ya kutunzwa na si ya kuponywa. Binti alipokuja Januari mwaka huu alikuta fremu zimening'inia kila chumba, na moja imelazwa kitandani, upande wa mama yake. "Pale panapwaya," baba alisema. Binti hakuiondoa. Aliomba likizo, akabaki.

Siku moja mzee alimwomba apande fremu ya mwisho, ambayo hakuweza kuimaliza. Binti alizunguka ua, akashuka, akataka kusema safi sana. Akasita. "Baba, inaniumiza mgongo. Hapa chini ya kiti." Macho yakamlowa mzee, akasema, "Lete tupa." Tangu hapo baba alielekeza kutoka kwenye kiti chake na binti akakwangua bomba kwa tupa hiyo, wakigombana vizuri kabisa.

Tarehe 11 Juni 2024, siku ya Jumanne, alasiri, mzee alimtuma binti aijaribu barabarani. "Fika kwenye mashimo ya shuleni. Usinidanganye." Binti alifika, akarudi mbio akiwa na jibu mdomoni. Alimkuta baba yake ameegemea kiti, uso umeelekea barabarani, ameshaondoka. Alipiga magoti, akamshika mkono, akamwambia hata hivyo: imekaa sawa, Baba, pande zote mbili.

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja, mkwe, na wajukuu wawili. Familia inamshukuru daktari, majirani, na kila aliyewahi kusimama uani kumsikiliza.

Mola ampe pumziko jema, na udongo umpokee kwa upole.