Sesilia Magesa na Vichwa Visivyo na Macho

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na kaka wa marehemu, Onesmo, dereva wa malori, aliyefika Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura bila kuongeza busara yoyote, na aliyeiomba familia imwachie kazi hii kwa sababu itakayojulikana mbele.

Marehemu Sesilia Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 hapa Samuye, Shinyanga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Magesa na Mama Zipora, akasoma shule ya msingi kuanzia 1995 hadi 2001, ambako alichapwa viboko sita kwa kumfinyanga mwalimu mkuu kwa udongo wa kichuguu, na kosa halikuwa kumfinyanga, bali kufanana.

Mwaka 2008 alikwenda Nyarugusu, Geita, kuwapikia wachimbaji, na tarehe 2 Juni 2011 duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka likamfukia kijana Valerian, ambaye mwili wake haukupatikana. Mama wa kijana, aliyekuwa hana hata picha ya mwanawe, alitaka kuzika kitu chenye uso badala ya mgomba unaozikwa mtu anapokosekana, ndipo Sesilia, ambaye hakuwahi kumwona Valerian, akachukua marudio, lile tope linalobaki dhahabu ikishaoshwa, akafinyanga kichwa kwa kusimuliwa tu, na mama alipopapasa sikio la kushoto akakuta limemegeka kidogo kwa juu, pale mbwa alipomng'ata Valerian utotoni, jambo ambalo hakuwa amelitaja kwa mtu.

Tarehe 20 Septemba 2013 alifunga ndoa na Thobias, mvuvi wa Nkome, wakajaliwa Wema mwaka 2014 na Charles mwaka 2017, na kibanda chake cha kazi kikajengwa nyuma ya vichanja vya dagaa. Waliomjia wakawa wengi, naye akajiwekea sharti kwamba macho hutobolewa mwisho, na kwa waliokufa pekee, aliye hai macho yake hubaki laini kama yai. Alipoonyesha kazi zake Mwanza mwaka 2016, mtaalamu mmoja aliandika kwamba upofu ule ni falsafa nzito, Sesilia akasema si falsafa, ni tahadhari.

Tarehe 28 Desemba 2024 Onesmo alifika Nkome, akakuta kibandani kichwa cha udongo mbichi chini ya gunia lenye maji, chenye paji pana la ukoo wa Magesa, na kwa kuwa alikuwa ameahidiwa kichwa chake tangu 2019, akachukua njiti ya kiberiti, akatoboa macho yote mawili, akaita, "Shemeji Thobias, njoo uone maiti inayokula ugali." Aliyeingia ni Sesilia, akatazama, akasema taratibu, "Kaka, ungeuliza kwanza. Huyo ni mimi." Kisha akakinyunyizia maji, akakifunika.

Tarehe 6 Januari 2025 alilazwa, na madaktari wameieleza familia kwamba figo zilianza kuharibika tangu 2022, jambo alilolijua akatuficha, na kaka yake anayarudia maneno hayo asubuhi na jioni kama dozi, lakini hayajamponya. Wodini aliomba ruhusa ya kuyaziba yale macho, marehemu akakataa, akisema yaache, kumbe nawe una mkono. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 37.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkome waliofunga biashara zao wakaja, wachimbaji wa Nyarugusu waliochimba kaburi hili wakakataa hata soda, na wasanii wenzake kutoka Mwanza. Kichwa kile ndicho kilicho mezani karibu na jeneza, na kitashushwa pamoja naye kama alivyoagiza. Tangu alazwe, siku thelathini na saba, hakuna aliyekitia maji, Thobias na Wema ni mashahidi, na leo asubuhi Onesmo aliponyanyua gunia, lilikuwa linachuruzika.

Mdogo wangu Sesilia, pumzika kwa amani, na yale macho uliyonikataza kuyaziba, ukiweza, yafumbe mwenyewe.