Fundi Hermelindo na Ndege Ishirini na Watatu Chini ya Mchanga

Alhamisi ya tarehe 30 Novemba 2023, Fundi Hermelindo Piminchumo Azabache anastaafu baada ya kuyatunza magofu ya Huaca Garza kwa miaka arobaini na miezi mitano. Aliingia kazini Juni 1983 akiwa na umri wa miaka thelathini, anatoka akiwa na sabini, na barua ya kustaafu ilipofika haikumkuta ofisini. Ilibidi ipelekwe kwa miguu hadi ukuta wa kaskazini. Aliisoma akiwa amesimama, akajipangusia jasho kwa bahasha yake, kisha akauliza ni nani aliyeacha toroli juani.

Mimi ni Nélida Ucañán, mchoraji wa ofisi, na nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Wenzangu waliponiomba niandike wasifu huu walinisihi uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila mnisamehe, maana kila baada ya aya moja nanyanyuka kwenda dirishani kutazama mawingu, na aliyeniambukiza ugonjwa huo ndiye tunayemuaga leo.

Fundi hajui kutulia. Mikutanoni husimama karibu na mlango. Kiti alichopewa mwaka 1991 bado kimefungwa nailoni ya dukani. Kila asubuhi kabla ya kazi hupitia ufukweni, huvua viatu, hutumbukiza miguu majini, kisha huja kututolea taarifa akiwa na suruali iliyolowa hadi magotini. Bahari ikiwa baridi, anaagiza chai. Ikiwa vuguvugu, hanywi chochote, na siku hiyo hakuna atakayekaa. Kwetu mvua haina msimu, ni ajali. Inaweza kupita miaka kumi bila tone la maana, halafu bahari ikapata joto na mbingu zikafunguka juu ya kuta ambazo mababu zetu walizijenga kwa udongo mtupu, kabla hata Inka hawajaiona pwani hii.

Ajali ya namna hiyo ndiyo iliyomleta kazini. Mvua za mwaka 1983 zilikuwa zimekula nusu ya ukuta wa kusini, na ofisi ikawa inatafuta yeyote anayeujua udongo. Yeye alikuwa akifyatua matofali ya kujengea nyumba hapa kijijini. Siku ya pili tu akamkuta mhandisi wa wakati ule akiziba nyufa kwa saruji.

“Bwana mhandisi,” alimwambia, “saruji na udongo havioani. Saruji itabaki, udongo utaondoka.”

Mhandisi akamuuliza amesoma hadi darasa la ngapi.

“La tano,” akajibu Fundi. “Lakini ukuta huu haukufika hata hilo, na umesimama miaka mia nane.”

Miaka miwili baadaye ile saruji ilibanduka yenyewe, ikaondoka na sura ya ukuta. Tangu hapo hapa hapakandikwi kitu ila kwa mchanganyiko wake: udongo wa papa hapa, mchanga wa mtoni, majani makavu yaliyokatwakatwa, na ute wa dungusi, ule mmea wa miiba, uliolowekwa hadi ukanuka. Wageni hulalamikia harufu hiyo, nasi huwaonyesha kuta. Amezifunika vichwa zaidi ya mita mia nane za kuta dhidi ya mvua. Amefundisha mafundi thelathini na mmoja, kumi na mmoja kati yao kutoka mabonde mengine. Mwaka 2009 aliitwa mjini Trujillo kupokea nishani; aliipokea, akaondoka kabla ya chakula kwa sababu alikuwa ameona wingu lililomkera. Wingu hilo halikunyesha. Nishani tuliipata wiki iliyofuata ndani ya ndoo ya spana.

Naona nimeanza kumsifu kama marehemu, naye angenikemea. Basi niseme na kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe humsimulia kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha choo kiko wapi.

Februari 1998 mvua kubwa ilitishia ua wa wavuvi, ambako ukutani palikuwa na safu ya watu wa udongo ndani ya mashua za matete. Fundi aliuvika ukuta mzima maturubai ya plastiki, akayakaza kwa mawe na kamba. Mvua ilipiga siku tisa, na wote walimpongeza kwa kuwa hakuna tone lililoingia. Siku ya kumi walipoyafunua, wavuvi walishuka pamoja na plastiki. Ukuta ulikuwa umetoka jasho humo ndani, chumvi ikatoka na maji, ikausukuma udongo kutoka nyuma. Maji hayakuwa yametoka juu. Yalitoka chini. Fundi alikaa mbele ya ule ukuta mtupu, na wanaomkumbuka wakati huo wanasema hiyo ndiyo mara pekee waliyomwona ameketi kazini.

Sasa nije kwenye habari iliyowaleta wengi wenu hapa, na ambayo imeninyima usingizi.

Mvua za Machi mwaka huu zilipobomoa kilima cha mchanga upande wa bondeni, Fundi aliona mstari ulionyooka ndani ya tope, na akasema tope halijui kunyoosha mstari. Tulifukua kuanzia Aprili hadi Oktoba kwa brashi na vijiti vya mwanzi. Ulikuwa ukuta wenye ndege wa baharini ishirini na watatu waliofinyangwa kwa udongo, wanaotembea kwa mstari, kila mmoja na samaki mdomoni, isipokuwa mmoja asiye na kitu, ambaye vijana walimpa jina la mlinzi wetu kwa vile naye hufika chakula kikiwa kimekwisha. Rangi ya manjano bado imo machoni mwao. Nimechora kuta mkoa huu nusu ya maisha yangu na sijapata kuona mfano wake. Ndege kumi na tisa kati ya hao aliwasafisha Fundi kwa mikono yake mwenyewe, na siku alipommaliza wa mwisho alilia mbele yetu bila kujificha.

Mkurugenzi wetu, Dakta Ofelia Rebaza, aliona zawadi moja tu inamfaa mtu huyu: ukuta ufunguliwe siku ya kustaafu kwake, na upewe jina lake. Kadi zikasambazwa. Mimi nikachapa kijitabu cha michoro, jina langu likiwa kwenye jalada, na sifichi kwamba nilikuwa nimekianika mezani ili kila apitaye akione.

Halafu Oktoba redio ikaanza kutangaza kwamba bahari ina joto kuliko kawaida, na huenda mvua kubwa zikaanza katikati ya Desemba. Fundi alikuwa ameshatuambia tangu Agosti. “Maji yamekuwa ya kuogeshea mtoto,” alisema. Tarehe 24 Oktoba aliomba mkutano, akasimama mlangoni kama kawaida, akaomba ukuta ufukiwe.

“Fundi, siku hiyo ni yako,” Dakta Rebaza alimwambia. “Kibao cha shaba chenye jina lako kimeshachongwa. Watu wanatoka hadi Lima.”

“Dakta, jina langu halilowi. Ndege wanalowa.”

“Si tuna paa la matete?”

“Paa linazuia maji ya juu. Ukuta huu uko bondeni, na mashamba ya miwa hapo juu yanamwagiliwa mwaka mzima. Maji ya chini yako njiani tayari. Mvua ikiongezea, chumvi itawabandua wote.”

“Basi tufukie baada ya sherehe.”

“Kufukia ni siku kumi na nane, kwa mkono, kidogo kidogo. Tukianza Desemba, mvua itatukuta nusu. Ukuta uliofunikwa nusu ni mbaya kuliko ulio wazi.”

“Na isiponyesha kabisa?”

“Mtanicheka. Nimeshachekwa kwa mambo madogo kuliko hilo.”

Nami nikafungua mdomo. Nilisema, “Fundi, tangu tisini na nane unaogopa kivuli chako.” Baadhi ya watu walicheka. Yeye akaenda zake kazini. Maneno hayo niliyasema kwa ajili ya kijitabu changu, na nayaandika hapa ili aibu yake iwe yangu mbele ya watu.

Ijumaa ya tarehe 27 nilishuka bondeni kusahihisha michoro. Kwenye vidole vya ndege wa kwanza nikaona mstari mweupe, mwembamba, wa chumvi. Nikaupima na kuuandika daftarini, kwa mazoea tu. Ijumaa iliyofuata nikaupima tena. Ulikuwa umepanda sentimita tatu, na hakujanyesha hata umande. Kwa ndege wa nne ukucha ulikuwa umeshaanguka. Niliuokota chini, mdogo kuliko punje ya mahindi.

Nakiri nilikaa pale kitambo na lile daftari. Angeweza mtu kulifunga akasubiri tarehe 30 ipite. Fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta na hakuniuliza kitu, ingawa najua aliuona ule mstari kabla yangu na akaamua niuone mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa Dakta Rebaza na vipimo na ule ukucha ndani ya kiberiti. Alivisoma mara mbili. Kisha akapiga simu Lima yeye mwenyewe, akawaambia wakubwa kwamba hakutakuwa na ukuta wa kuonyesha, akasikiliza waliyomwambia, ambayo hayafai kuandikwa kwenye ratiba ya sherehe, akakata simu. “Mwambie aanze kesho kutwa,” akaniambia. Ninamheshimu sana kwa saa ile.

Tulianza tarehe 8 Novemba. Kwanza kitambaa kinachopitisha hewa, kisha mchanga wa mtoni uliochekechwa, ili chumvi itakayokuja itokee juu ya mchanga na si juu ya ndege. Lori la pili lilipoingia, Fundi alichota mchanga kidogo akautia mdomoni.

“Mzee, unakula mchanga?” dereva akamuuliza.

“Naonja. Huu wa baharini. Rudisha.”

“Wa mtoni ni kilomita thelathini!”

“Basi wahi, jua linakuchwa saa kumi na mbili.”

Dereva alirudisha. Siku zile wote tulifanya kazi, walinzi, wapishi, hata Dakta Rebaza aliyesukuma toroli akiwa na viatu vya mjini. Jumatatu mpishi aliileta sufuria ya shámbar pale pale bondeni, tukaila ile supu ya ngano tukiwa na mchanga menoni. Fundi alikwenda mbele na nyuma kutwa, akifoka, akigongagonga, akiangalia mbinguni. Nami nilikwenda nyuma yake, nikitazama anakotazama.

Tarehe 25 jioni alibaki ndege mmoja, kichwa tu na lile jicho la manjano. Fundi alikuwa amepiga magoti na viganja vimejaa mchanga. Akaumwaga ule mchanga taratibu kwenye toroli.

“Mfunike wewe, mwanangu,” akaniambia. “Mikono imechoka.”

Haikuwa imechoka. Nilimfunika.

Kwa hiyo, wageni wetu wapendwa, mlioshika kadi yenye picha ya ndege, mtaelewa kwa nini mbele ya viti vyenu kuna mteremko wa mchanga tu na mtu mmoja anayetembeatembea. Ukuta hautafunguliwa hadi mfereji wa kugeuza maji ya mashambani uchimbwe, na anayejua mambo ya ofisi anajua mfereji huchukua muda gani. Huenda ni miaka mitano, huenda ni kumi na tano. Fundi ana sabini. Alipoomba ukuta ufukiwe alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, na hakutaka kibao chake kiwekwe juu ya mchanga, kimo ghalani. Hadi naandika hivi haijanyesha. Bahari ina joto, mbingu zimekaa kimya, na kijijini wapo walioanza kumcheka.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Huaca Garza, tunakushukuru, Fundi, kwa miaka yako arobaini. Tunamshukuru pia mkeo, mama Zoraida, aliyefua udongo wetu kwa sabuni yake muda wote huo. Tunakuombea mwaka mkavu kabisa, tukucheke sote hadi ubavu utuume, nawe ucheke nasi. Uwe na afya, uwe na raha, na ikiwezekana ujifunze kuketi.

Na ikianza kunyesha, usije. Tumeshawafunika.