Mama Kona na Njia ya Bustani ya Juu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika bustani yetu ya mimea, Msimamizi wa Njia anakabidhi funguo na kustaafu rasmi. Kwenye faili ana jina lake kamili; sisi tunamwita Mama Kona. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nakaa kwenye dirisha la mapokezi na, kwa maneno ya ofisi, namwona kila anayepanda na kila anayeshuka. Ni kweli. Pia nasikia, na hilo sidhani kama ofisi ililifikiria.

Aliajiriwa kufyeka nyasi. Siku hizo njia ya kupanda mlima ilikuwa moja tu, imenyooka hadi juu kana kwamba walioichora walikuwa wanakimbizwa. Wazee, wazazi wenye watoto mgongoni na watu wa magongo walifika kwenye bwawa la kati, wakatazama juu, wakageuza. Alipokabidhiwa njia, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kona, na mwinuko ukapungua makali. Akaweka nyingine. Jina likamganda, na madereva wetu hadi leo wanadai kwamba hata kutoka stoo kwenda chooni lazima akate kona mbili.

Sehemu kubwa ya utafiti wake aliifanya akiwa na ufagio. Alikuwa akiwafuata wageni wanaochoka, akifagia majani ambayo alishayafagia asubuhi, na kuangalia wanasimama wapi. Aligundua kwamba watu hawapendi kukiri kuchoka. Huyu anafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Yule anapokea simu ambayo haijaita. Mume wa mtu anasifia mandhari huku ameelekea ukuta wa udongo mtupu. Kila palipotokea uongo wa aina hiyo, Mama Kona aliweka benchi, na kando ya benchi mmea wenye kibao, ili mtu awe na sababu ya kusimama na heshima yake ibaki palepale.

Vibao viliandikwa na mtunza stoo ya mbegu, Bwana Mbegu, mtani wake mkubwa. Mama Kona alimwagiza kwamba penye mwinuko mkali maelezo yawe marefu, mpaka pumzi irudi. Bwana Mbegu alilalamika wiki nzima kwamba sayansi haipimwi kwa pumzi za watu, kisha akaandika. Ndiyo maana wageni wetu hushuka wakijua habari zote za mimea ya mwinukoni, na ile ya tambarare hawaijui hata kwa jina.

Kila njia mpya aliijaribu mwenyewe kabla haijafunguliwa, akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha chumba cha huduma ya kwanza. Mara ya kwanza alikuwa amepiga hesabu za kupanda vizuri sana, akasahau kwamba anayepanda hushuka. Kiti kilimponyoka, akaishia katikati ya kitalu cha mayungiyungi wakati mkurugenzi anapita na wageni rasmi. Aliwakaribisha kwa adabu zote, akiwa humohumo kitaluni. Kesho yake alianza kuweka sehemu tambarare za kupumzikia kila baada ya mteremko, na kingo pembeni.

Kwa wageni wasioona alifunga kamba kando ya njia, yenye fundo kila penye mmea wa kunusa au kushika. Mwalimu mmoja asiyeona ndiye aliyemweleza kwamba fundo litangulie kidogo, ili mkono upate kujiandaa. Mhasibu wetu mmoja alikubali kuijaribu njia hiyo akiwa amefungwa kitambaa machoni. Alinogewa hadi akapitiliza, tukaenda kumchukua kwenye maegesho ya magari.

Ikabaki bustani ya juu. Huko ndiko iliko mimea ya baridi, ambayo karibu yote Bwana Mbegu aliiotesha kutoka punje na kuipandisha mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alipata ajali ya gari, miguu ikapoteza nguvu. Alirudi kazini kwenye kiti cha magurudumu, mikono ikiwa mizima na ulimi mzima zaidi. Zamani alipenda kusema kwamba mlima ni wa wenye miguu, wengine waangalie picha. Mama Kona hakumkumbusha maneno hayo hata siku moja, hata kwa utani. Vijana wa vitaluni walijitolea kumbeba; alikataa katakata, akasema yeye si gunia la mbolea. Basi mimea yake ikawa inachanua, na yeye akawa anasimuliwa.

Ofisi ilikuwa imepanga kujenga ngazi za mawe kutoka bwawani hadi huko juu. Mama Kona alipinga, na kwa kuwa si mtu wa kugombana, ofisi ilishtuka. Wakakubaliana kwamba atengeneze njia yake, lakini kama haitakamilika kufikia siku atakapostaafu, ngazi zitajengwa. Wakati wa kiangazi, nyasi zilipokauka, aliona mlimani alama za vijia vya ng'ombe waliokuwa wakilisha hapo kabla hatujaweka uzio. Ng'ombe aliyeshiba hapandi mlima kwa kunyooka, huzunguka taratibu. Akazifuata alama zile, akachimba, akamwaga kokoto, akashindilia.

Mwezi Aprili mvua ikabeba kona mbili za juu. Tulipopanda kuangalia, tulimkuta ameketi tu kwenye toroli, hana kazi anayofanya, na huyo si Mama Kona tunayemjua. Wakati huo ndipo ulipoingia ujumbe wa Bwana Mbegu: aache tu, wajenge ngazi zao, yeye milima ameshaiona ya kumtosha. Aliusoma, akatia simu mfukoni, akauliza kwa hasira nani kachukua sepetu yake. Likizo yake yote iliyobaki aliimalizia pale. Nasi tulipanda kusaidia, wa jikoni, wa ofisini na madereva. Wahasibu walipata malengelenge, na wanayaonyesha hadi leo bila kuombwa.

Njia ilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, kwa utepe, hotuba na picha. Bwana Mbegu hakuja. Tulisubiri, mkurugenzi akaangalia saa, akaangalia tena, mwisho utepe ukakatwa. Mama Kona alipiga makofi kama wengine, lakini uso wake niliuona, na uliniuma.

Jumatatu iliyofuata, siku ambayo hatupokei wageni, mlinzi wa juu alipiga simu mapokezi. Bwana Mbegu yuko bustani ya juu, peke yake, ameegesha kiti kando ya kitalu, anang'oa magugu. Alikuwa amepanda asubuhi na mapema, hakumwambia mtu na hakusukumwa na mtu. Kumbe hakutaka kujaribu mbele ya macho ya watu.

Nilikimbia stoo kumpa Mama Kona habari. Sote tulitaka kupanda mbio. Alitukataza, akasema tumwache na mimea yake, kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kulia mpaka chai ikapoa. Adhuhuri Bwana Mbegu alishuka, akasimama mlangoni, akalalamika kwamba kona ya mwisho imebana na kwamba kule juu magugu yametushinda. Mama Kona alimjibu kwamba kona itapanuliwa, magugu ayashughulikie mwenyewe. Tangu hapo Bwana Mbegu anapanda kila wiki, na dirishani kwangu wala hapiti kuaga.

Mama Kona, tunakushukuru kwa kila kona, hata zile tulizozinung'unikia. Tunakuombea ustaafu wenye afya, magoti yasiyouma na asubuhi zisizo na haraka. Sherehe ya kukuaga itafanyika Ijumaa saa nne asubuhi, bustani ya juu, na wote mnakaribishwa. Bwana Mbegu ameomba itangazwe kwamba asisubiriwe getini. Atakuwa ametangulia.