Phelista Nasambu, Aliyeachwa Chini ya Ngazi

Mchungaji, jamaa, majirani, wanachama wa Tuingie Sote, na ninyi wa bodi mlioketi mbele kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe: tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025, ni Phelista Nasambu. Kaka yake mkubwa, Derrick Wabwile, ndiye anayewasomea maisha yake, na familia imemruhusu asome bila kupunguza makali. Atakayekwazika, akwazike taratibu.

Nasambu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Bokoli, karibu na Webuye, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yohana Wabwile na marehemu Mama Selina. Alikuwa na miaka minne polio ilipompata, ikamwacha na miguu miwili isiyo na nguvu. Majirani walikuja kumpa mama yake pole kana kwamba mtoto amekufa. Mama Selina aliwafukuza. "Pole ya nini? Mtoto si huyu anakula? Nendeni mkalime."

Alianza shule ya msingi Bokoli mwaka wa 1974. Kwenda na kurudi alibebwa mgongoni na Derrick, naye hakuwa abiria wa kunyamaza. Njia nzima alikuwa akimuuliza kaka yake hesabu za kuzidisha, na akikosea anamchapa kofi la kisogoni. Wakifika kwenye mapera ya jirani, Nasambu ndiye aliyechuma, kwa vile yuko juu, na ndiye aliyegawa, na mgao wake ulikuwa mkubwa kila siku. Derrick alifaulu hesabu kwa sababu hiyo tu. Nasambu naye alimaliza shule ya msingi mwaka wa 1980 akiwa wa kwanza darasani, akaenda sekondari, kisha chuo cha ushonaji.

Mwaka wa 1987 alihamia Kitale akafungua duka la kushona sare za shule, akitumia cherehani ya kuzungushwa kwa mkono. Alikuwa na ulimi, hilo tusifiche. Mteja akimwambia mwenzake, "Muulize huyu mama atamaliza lini," kana kwamba yeye Nasambu hasikii, sare hiyo ilikuwa inaisha mwisho kabisa.

Baiskeli yake ya magurudumu matatu iliharibika mara nyingi sana kwa baiskeli nzima, na kila mara alimpelekea fundi yule yule, Kimutai wa Kapsokwony. Watu walielewa kabla yao. Walifunga ndoa kanisani Kitale tarehe 12 Desemba 1992. Walipojenga hapa Matisi, Kimutai aliusawazisha uwanja huu wote kwa jembe na toroli, na nyumba akaijenga bila kizingiti hata kimoja, ili mke wake aingie popote bila kumuita mtu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jerono na Kipkemei.

Mwaka wa 2003 Nasambu alianzisha shirika la Tuingie Sote katika chumba cha nyuma cha duka lake, pamoja na wenzake wachache, akiwemo Mary Ann Wacuka, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Walianza kwa kuwanyoosha viungo watoto waliokuwa wakifichwa ndani wageni wakija. Baadaye wakagawa magongo na viti vya magurudumu, wakafungua tawi la Bungoma upande wa Kibabii. Shirika ni la wanachama, yaani watu wenye ulemavu na wazazi, na wao ndio huchagua bodi. Nasambu alikuwa mwenyekiti wa kwanza.

Katiba waliiandika wenyewe, wakibishana mpaka chai inapoa. Nasambu alishikilia vipengele viwili. Kimoja, mjumbe wa bodi akikosa mikutano mitatu mfululizo, kiti chake kimekwenda. Aliwajua wakubwa wa mji huu, cheo wanakipenda lakini kikaoni hawaonekani. Cha pili, mkutano wa wanachama ufanyike mahali ambapo kila mmoja anaingia bila kubebwa. Kwa mikutano ya bodi hakuandika hivyo. Angeandika ya nini? Kila aliyeketi mezani siku hiyo alikuwa na gongo, au kiti cha magurudumu, au mtoto mgongoni. Haikumjia akilini kwamba siku moja bodi ya shirika hili itakuwa ya watu wanaopanda ngazi wakipiga mluzi. Hilo ndilo kosa lake, na limemgharimu.

Mwaka wa 2021 wafadhili walisema bodi inahitaji watu wenye majina. Nasambu hakukataa. Yeye mwenyewe aliwaendea, akawaomba, na wanachama wakawapigia kura kwa sababu ya neno lake tu, naye akabaki mjumbe wa kawaida. Mwenyekiti wa sasa hatumtaji jina, yeye mwenyewe anajijua. Siku aliyochaguliwa alimshika Nasambu mkono kwa mikono miwili akasema, "Mama, mimi nimekuja kujifunza." Ehe! Alijifunza haraka kweli.

Mwaka jana mikutano ya bodi ilitolewa ofisini, ambako mlango ni mpana na sakafu ni sawa, ikapelekwa hoteli moja mjini, orofa ya pili. Lifti hakuna. Nasambu alipouliza kwa nini, aliambiwa kule juu kuna utulivu na kahawa nzuri. Bodi ya shirika la watu wenye ulemavu, jamani, juu ya ngazi! Hata ukitaka kuwatetea utaanzia wapi?

Mkutano wa kwanza alifika mapema, akasimamisha kiti chake chini ya ngazi na kupeleka habari juu kwamba amefika. Mwenyekiti alishuka nusu ya ngazi akaita wahudumu wawili wa hoteli.

"Si ubebwe tu, mama? Ni dakika moja, bana."

"Ati nibebwe?" Nasambu akamjibu. "Derrick alinibeba nikienda shule, na alinibeba kwa sababu alinipenda. Wewe unataka nibebwe ili kahawa yako isipoe. Shukeni nyinyi. Miguu si mnayo?"

Hawakushuka. Mkutano wa pili ukawa vile vile, na wa tatu vile vile. Alikaa pale chini akisikia viti vikikokotwa juu ya kichwa chake na watu wakicheka. Ulipokwisha huo wa tatu, mwenyekiti alishuka ngazi yote, siku hiyo aliweza, akainama na kusema kwa upole, "Pole sana, Mama Jerono. Umekosa mikutano mitatu. Na katiba si wewe mwenyewe uliandika?"

"Lakini niko hapa," Nasambu akasema.

"Mkutano ulikuwa juu, mama."

Siku hiyo alirudi nyumbani hakula. Kimutai alipomuuliza kuna nini, alisema, "Nimefukuzwa kwa mdomo wangu mwenyewe," akageukia ukuta. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu Bokoli! Sisi tumekasirika, na hatutajifanya hatujakasirika eti kwa sababu tumevaa nguo nzuri na kuna maua.

Mwezi wa Mei mwaka huu mapafu yake yalianza kumsumbua. Alitibiwa Kitale, kisha akalazwa Bungoma, ambako alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba, akiwa na miaka hamsini na tisa. Hatusemi kwamba bodi ilimuua. Daktari alisema ni mapafu, na mbele ya jeneza hatutasema uongo. Tunasema tu kwamba mtu aliyetakiwa kupumzika alikuwa kitandani akiwaza habari za ngazi. Alimwambia Jerono, "Kiti changu kisijazwe kabla wanachama hawajaulizwa. Wao ndio walinipa, si wale." Kabla hata hajazikwa, bodi ilitangaza kwamba kiti hicho kitajazwa Jumatano ijayo, huko huko juu.

Asubuhi hii bodi imeleta shada lililoandikwa "mjumbe wetu wa zamani", na imeomba nafasi ya kuzungumza. Shada tumelipokea, maua hayana kosa. Nafasi ya kuzungumza mtapewa, lakini si sasa.

Katiba ile ile inawaruhusu wanachama kuitisha mkutano wao wenyewe wakitosha. Wametosha na kubaki. Notisi ilitolewa wiki iliyopita kama inavyotakiwa, na ya bodi ilipelekwa pale hotelini; labda iliachwa mapokezi, haikuweza kupanda. Mkutano utafanyika leo, tukishamaliza kuzika na watu wakishakula, hapa hapa kwenye uwanja aliousawazisha Kimutai. Mary Ann Wacuka ataongoza. Wanachama wataulizwa kama Nasambu alihudhuria ile mikutano mitatu au hakuhudhuria, na baada ya hapo wataamua ni nani wa kutoka kwenye bodi.

Marehemu ameacha mume, Kimutai. Watoto, Jerono na Kipkemei. Mjukuu mmoja, Chelagat. Kaka yake Derrick na ndugu wengine wa Bokoli. Wakwe wa Kapsokwony. Na wanachama wa Tuingie Sote wa Kitale na Bungoma, ambao leo wameingia wote, kila mtu kwa gurudumu lake na gongo lake.

Nasambu wetu, mwana wa Selina, pumzika sasa kwa amani. Ninyi wa bodi, tafadhali msiondoke.